Maji kwa Zamu: Mhadhara Kuhusu Kumwagilia Mtende



Sisi watu wa Mombasa tunamjua Imamu Seif bin Sultan kwa jambo moja. Majeshi yake yaliizingira Ngome ya Yesu kuanzia Machi 1696, na Desemba 1698 ngome ikaanguka, Mreno akatoka. Ukienda Oman ukaulizia habari zake watakutajia vita, lakini punde watahamia kwenye mitende na maji. Waandishi wa historia wa huko humsifu kwa falaji, yaani mifereji ya maji, alizochimba na alizofufua, na kwa mitende aliyoipanda pwani ya Batinah ili watu wa bara wateremke wakae huko. Kwa mtawala yule, kumwagilia mtende kulikuwa shughuli ya dola, sawa na kuunda majahazi au kujenga boma. Siku hizi tumeigeuza kuwa shughuli ya duka la pampu, na hilo ndilo lililonileta mbele yenu.

Nitasema neno langu mapema, ili mwenye kutaka kutoka kwenda kunywa kahawa aende amelisikia. Katika nchi kavu, mitende mingi iliyokufa mashambani haikufa kwa kiu. Imeuawa na maji: maji yasiyo na zamu, na maji yasiyo na njia ya kutokea. Mabomba na matangi huja nyuma ya hayo mawili.

Tuanze na mti wenyewe. Mtende ni ndugu wa mkindu, huu huu ambao mama zetu hutumia ukindu wake kusuka mikeka na misala. Ukiuona mkindu umestawi porini, ujue maji hayako mbali. Mtende una tabia hiyo hiyo. Watu huuita mti wa jangwani, wakadhani unaweza kuishi kwa umande. Waarabu wanaoujua husema unataka miguu iwe majini na kichwa kiwe motoni. Huo moto sisi tunao tele. Lodwar hupata kiasi cha milimita 200 za mvua kwa mwaka, na jua lake halihitaji maelezo. Kazi iko miguuni.

Mtende hauna mzizi mkuu unaozama kama wa mwembe. Mizizi yake ni mingi, inatoka kwenye tako la shina kama ya mnazi, na ingawa michache hushuka mita kadhaa, sehemu kubwa ya kunywa hufanyika katika mita mbili za juu. Ndani ya mizizi hiyo mna nafasi za hewa, ndiyo maana mtende huvumilia kusimama majini siku kadhaa pale ambapo mpapai ungekuwa umeoza. Mtende mzima unaozaa, katika joto la Ghuba, hunywa kiasi cha lita 150 hadi 200 kwa siku wakati wa kiangazi kikali; msimu wa baridi hunywa chini ya nusu ya hapo. Watu wanaosema mtende unatumia maji kidogo wamechanganya uvumilivu na ubahili. Ukiunyima maji hautakufa upesi. Utapunguza makuti, utapunguza makole, na tende utakazopata zitakuwa kokwa iliyovishwa ngozi. Mkulima ataulaumu mche, au muuza miche, na pengine hata jirani mwenye jicho baya.

Sasa chumvi, maana hapo ndipo mtende ulipojengea jina. Majedwali ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa yanaonyesha kwamba mtende unaweza kumwagiliwa maji yenye kipimo cha chumvi cha desisimensi 2.7 kwa mita bila kupoteza mavuno yoyote. Maji hayo hayo ukiyamwagilia maharage, zaidi ya nusu ya mavuno imekwenda. Ili mavuno ya mtende yapungue nusu, maji yafike kiasi cha 12. Hakuna mti mwingine wa matunda, kati ya tunayoijua vizuri, unaoukaribia. Habari hii hupokewa kwa furaha kubwa kila ninapoitaja, na furaha hiyo hunitia wasiwasi.

Pigeni hesabu nami. Chukua maji ya kisima yenye gramu moja tu ya chumvi kwa lita, maji ambayo ng'ombe atakunywa bila kukunja uso. Mpe mtende lita 100 kwa siku, wastani wa mwaka. Mwisho wa mwaka umemwaga lita 36,500 chini ya mti mmoja, na pamoja nazo kilo 36 na nusu za chumvi. Mti umekunywa maji. Chumvi imeachwa kwenye udongo. Shamba la mitende 100 limepokea zaidi ya tani tatu na nusu. Mwaka wa pili tena, na wa tatu tena. Mtende utakuonyesha uso mzuri kwa muda mrefu, kwa sababu ni mvumilivu, na uvumilivu wake ndio unaomponza mkulima. Mharage ungekuambia wiki ya tatu.

Dawa yake inajulikana: mwagilia zaidi ya mahitaji ya mti, kati ya sehemu moja kwa kumi na moja kwa tano kutegemea ukali wa chumvi, ili ziada hiyo iisukume chumvi chini ya mizizi. Hapo mkulima makini atauliza: ikishuka chini, inakwenda wapi? Swali hilo ndilo linalotenganisha mashamba yaliyodumu miaka elfu na yaliyodumu miaka thelathini.

Watu wa Basra, Iraq, walijibiwa na bahari. Mitende ya mto Shatt al-Arab ilipandwa kando ya vijito vilivyochimbwa kutoka mtoni. Maji ya Ghuba yakijaa, huusukuma mto urudi nyuma. Na yanayoingia kwenye vijito ni maji matamu ya mto, hayo ya chumvi yamebaki chini huko. Mara mbili kwa siku shamba linanyweshwa na hakuna aliyeinua ndoo. Maji yakipwa, vijito vinajikausha, na chumvi ya udongoni inaondoka na maji. Nyinyi mnaojua bamvua na maji mafu mtaona haraka uzuri wake: bahari ile ile inaleta na inaondoa. Iraq ilikuwa na mitende inayokisiwa kuwa milioni 30 katikati ya karne iliyopita, na mingi ilikuwa huko kusini. Kisha mabwawa ya juu yakapunguza mto, vita vya 1980 hadi 1988 vikapita katikati ya mashamba, na mto uliodhoofika ukashindwa kuizuia bahari. Sasa maji yanapojaa, yanayosukumwa kwenye vijito huwa na chumvi ndani yake. Vijito ni vile vile, na mwezi ni ule ule.

Oman wao hawakuwa na mto. Walikuwa na mlima, na hapa naomba mniruhusu nikae kidogo.

Falaji ya aina ya daudi huanza na kisima mama, karibu na mlima, kilichochimbwa mpaka kikakuta maji. Kutoka hapo wachimbaji hupasua njia chini ya ardhi yenye mteremko mdogo mno, mdogo kuliko ule wa ardhi ya juu, hata baada ya kilomita kadhaa njia inatokeza juani na maji yanatoka yenyewe. Juu yake kuna mashimo yanayofuatana, ya kutolea udongo na kuingizia hewa. UNESCO iliziweka falaji tano za Oman katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, Falaji Daris ya Nizwa ikiwa mojawapo, na kwa maelezo yake kiasi cha 3,000 zingali zinafanya kazi.

Angalieni tabia moja ya maji haya: hayafungwi. Usiku na mchana, mwenye shamba awe macho au amelala, yanatiririka. Kwa hiyo hayagawiwi kwa ndoo wala kwa tangi. Yanagawiwa kwa muda. Kipimo ni athar, karibu nusu saa. Athar 24 hufanya badda moja, yaani mchana mmoja au usiku mmoja. Mtu akitaja mali yake hasemi ana maji kiasi gani, husema ana athar ngapi na zamu yake inaangukia wapi. Mzunguko unaweza kuwa wa siku saba, kumi au zaidi, kila falaji na desturi yake, na udongo una neno lake: mchanga hauwezi kungoja, mfinyanzi unangoja.

Mchana walipima kwa kivuli cha nguzo iliyosimikwa uwanjani, alama zake zikiwa chini. Usiku walipima kwa nyota, zinavyochomoza juu ya kilele fulani au kutua nyuma ya ukuta fulani. Manahodha waliokuja kwetu na kaskazi, makanda ya tende yakiwa ngamani, waliongozwa na nyota. Ndugu zao waliobaki bara walizitumia kufungulia maji. Siku hizi ni saa ya mkononi. Na kwa kuwa maji ya usiku hayaliwi na jua kama ya mchana, baadhi ya falaji zilipanga mzunguko ili aliyemwagilia mchana safari hii amwagilie usiku safari ijayo. Aliyeubuni mpango huo lazima alikuwa amesikiliza malalamiko mengi.

Hisa ya maji iko mbali na ardhi. Unaweza kuwa na shamba usiwe na maji, au ukawa na maji bila shamba ukayakodisha. Hisa hurithiwa kwa mirathi ya sheria, huuzwa, huwekwa wakfu kwa msikiti au madrasa. Falaji yenyewe humiliki hisa kadhaa. Dalali huzinadi, na fedha zinazopatikana husafisha njia na kukarabati palipobomoka. Kuna wakili anayesimamia, kuna arifu anayejua zamu ya kila mtu, kuna mshika fedha. Msiniulize walilipwa nini. Kwa kawaida walilipwa maji.

Na asiye na hisa? Maji yakitokeza tu juani, mahali pa kwanza ni pa kuteka ya kunywa, bure, kwa kila mtu na kila mpita njia. Kisha msikiti na mahali pa kuogea. Kisha mitende. Mwisho kabisa, maji yanayosalia huenda kwenye mashamba ya msimu: ngano, vitunguu, majani ya mifugo.

Mpangilio huo wa mwisho ndio ninaouhusudu zaidi. J. C. Wilkinson, aliyeandika kitabu kizima kuhusu falaji na makabila ya Oman mwaka 1977, ameueleza vizuri. Mwaka wa maji mengi, mashamba ya msimu yanapanuka. Mwaka mkavu yanaachwa, na maji yote yanarudishwa kwenye mitende. Mtende umechukua miaka kukua na huwezi kuupanda upya kila mvua inapokosekana, ngano unaweza. Hasara ya ukame ilikuwa imepangiwa mahali pa kuangukia kabla ukame haujafika. Nasi tuna ndugu wa mpango huo: mifongo ya Kilimanjaro, na mifereji ya Wamarakwet inayoshuka bonde la Kerio, ambako zamu ni ya ukoo na anayeiba zamu anajulikana kabla ya jioni.

Msije mkadhani nawachorea pepo. Hisa zilirundikana mikononi mwa wachache huko kama zinavyorundikana popote. Na huko Batinah, pwani, ambako maji yalitoka visimani, yalivutwa kwa zajira: ng'ombe anashuka kwenye mteremko akivuta kamba, kiriba cha ngozi kinapanda, kinamwaga, ng'ombe anarudi nyuma, tena na tena kutwa nzima. Nyuma ya ng'ombe alikuwapo mtu. Katika karne ya 19 soko la tende lilipanuka hadi Marekani. Jahazi Sultana, lililofika New York mwaka 1840, lilibeba tende pamoja na karafuu na pembe za Unguja, na baadaye tende za Oman zikawa zinakwenda kwa shehena. Mwanahistoria Matthew Hopper, katika kitabu chake Slaves of One Master cha mwaka 2015, ameonyesha jinsi hamu hiyo ya tende na lulu ilivyovuta watumwa kutoka Afrika Mashariki kwenda Ghuba. Waliomwagilia mitende ile walikuwamo watu waliovuliwa majina yao kwenye pwani yetu hii. Mhadhara wa maji ya mtende ukipita hapo kimya utakuwa umedanganya.

Biashara hiyo iliposhuka, haikuangushwa na huruma. Wamarekani walianza kupanda mitende yao California, bonde la Coachella, mwanzoni mwa karne ya 20. Nao, kwa sababu wanaelewa hesabu ya chumvi, walifukia mabomba ya kutolea maji chini ya mashamba. Chumvi inakwenda ziwa la Salton Sea, ambalo leo lina chumvi kuliko bahari. Imeondoka shambani, lakini haikuondoka duniani.

Turudi Batinah, maana sehemu ya pili ya kisa chake ni fupi na inauma. Kuanzia miaka ya 1970 zajira zilinyamaza, pampu zikaingia. Ng'ombe anachoka, pampu haichoki mafuta yakiwapo. Kila mwenye shamba akavuta kwa nguvu zake, maji matamu yakashuka, na bahari ikaingia chini kwa chini kuchukua nafasi. Mitende ya karibu na ufuko ikakauka kichwa, mashamba yakahamwa. Serikali ya Oman imejenga mabwawa ya kuyashusha maji ya mafuriko ardhini na imeweka vibali vya visima, lakini chumvi ikishaingia haitoki kwa kibali. Mwenye kisima hapa kisiwani kwetu hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Tofauti yake na falaji iko wazi. Falaji haiwezi kutoa zaidi ya yale ambayo mlima umeyaachia. Maji ya mlima yakipungua, mfereji unapungua mbele ya macho ya watu wote, siku hiyo hiyo. Pampu humficha mtu hali ya jirani yake, na humficha hali ya kisima chake mwenyewe mpaka siku inapovuta tope.

Maji mengi mno nayo yana kisa chake. Huko Oued Souf, Algeria, wakulima walichimba mashimo makubwa mchangani na kuipanda mitende chini kabisa, karibu na maji ya ardhini, ikajinywea yenyewe bila kumwagiliwa. Halafu mji ukakua, visima virefu vikachimbwa, maji ya majumbani yakamwagwa mchangani bila mifereji ya kuyaondoa, na maji ya chini yakapanda. Mitende mingi ikafa imesimama ndani ya madimbwi, katikati ya Sahara.

Sasa nyinyi mliosafiri kutoka Garissa na Hola, na wenzetu wa Turkana. Nimesikia mipango yenu mizuri ya kupanda mitende, na sitaki kuwavunja moyo. Nataka mkumbuke mti wa mathenge. Ulipoletwa katika nchi zetu kavu miaka ya 1980 tuliambiwa ni mwokozi: kuni, kivuli, malisho. Wenyeji wa Baringo waliishia mahakamani, wakiwa na mbuzi aliyeng'oka meno kwa kula matunda yake. Mtende hauna tabia za mathenge, hautamvamia mtu. Lakini mti wowote unaoletwa kwa sifa tupu huja na deni.

Kwa hiyo kabla ya mche, pimeni maji. Kipimo cha chumvi ni kifaa kidogo cha mkononi, bei yake haifiki ya mbuzi wengi. Kumbukeni Lotikipi, kule Turkana: mwaka 2013 ilitangazwa kwamba kumegunduliwa hazina kubwa ya maji chini ya ardhi, watu wakashangilia, baadaye vipimo vikaonyesha chumvi nyingi. Mtaambiwa mtende utayanywa maji ya namna hiyo. Huenda ukayanywa. Ulizeni chumvi itakwenda wapi, na anayewauzia mche akikosa jibu msinunue kwake. Chimbeni shimo la mita mbili mlione tabaka la chini: likiwa mfinyanzi mgumu, maji ya kuoshea chumvi yatasimama hapo na kupanda tena, na mtahitaji mtaro wa kuyatoa.

Mche mpya hauna mizizi ya kutosha, unataka maji kidogo kidogo, kila siku au siku moja baada ya nyingine kwa wiki za mwanzo, na kivuli cha makuti. Ukishika, ongezeni kiasi na mpunguze mara: maji ya kina kwa nafasi huita mizizi ishuke, maji ya juujuu kila asubuhi huifanya ibaki juu ikingojea kudekezwa. Kisahani cha kumwagilia kipanuliwe kila mwaka, maana mizizi inayonywa iko nje, haiko shinani. Kati ya kuchavusha na tende kukomaa msiukatie maji. Tende zikianza kuiva, punguzeni.

Wenye mabomba ya matone wasikilize hili, kwa kuwa linakwenda kinyume na akili ya kawaida. Matone hulowesha duara, na chumvi yote husukumwa ikakaa pembezoni mwa duara hilo. Ikija mvua ya rasharasha, mkulima hufurahi, hufunga maji aokoe mafuta. Mvua ile inaiyeyusha chumvi ya pembezoni na kuirudisha kwenye mizizi, na wiki inayofuata makuti yanaungua ncha. Mvua ndogo ikinyesha, fungulieni maji. Ikinyesha kubwa, ya kuosha, hapo fungeni.

Kuhusu pampu, najua hamtaiacha, wala mimi sisemi muiache. Muiwekee zamu. Kikundi kikubaliane saa za kila mtu, mafuta yanunuliwe na mfuko wa kikundi, na kina cha maji kisimani kipimwe kwa kamba kila mwezi, kiandikwe ubaoni mahali ambapo kila mtu anapita. Kamba ikionyesha kushuka miezi mitatu mfululizo, saa za wote zipunguzwe kwa uwiano, wa shamba kubwa na wa shamba dogo. Chipukizi la mtende litawachukua miaka minne hadi sita kabla ya kuwapa tende za maana, na katika miaka hiyo mtataka kula. Kati ya mistari pandeni kunde, matikiti, majani ya mifugo, lakini muandike mapema, kwenye mkataba wa kikundi na kwa majina ya wenyewe, ni mistari ipi itakayonyimwa maji kwanza yakipungua.